Kitabu Kilichofungwa Katikati

Miezi miwili iliyopita, jua lilipokuwa likitua, jirani yetu mmoja wa hapa Bunia alitujia nyumbani, naye amekwapia kitabu kilichoviringishwa katika gazeti la zamani. Ni mtu mzima, fundi seremala, baba wa watoto sita, tena mtu wa maneno machache. Alipokwisha kuketi na kunywa maji, aliweka kile kitabu juu ya meza, akakisukuma kwa kidole kama mtu asukumaye sahani ya chakula kilichochacha, akasema: “Mwalimu, kitabu hiki nimekisoma mpaka katikati, nimekifunga. Si kitabu cha kusomwa katika nyumba ya watu wenye heshima. Binti yangu amekisoma chote. Nimekuja uniambie: nikichome kwanza, au nimwadhibu kwanza?”

Tulilifungua lile gazeti. Kilikuwa *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi.

Tukamwuliza: “Na binti amesema nini?”

“Amesema: ‘Baba, hukufika mwisho.’ Neno hilo limenikasirisha kuliko kitabu chenyewe. Mwalimu, mtu akionja kijiko kimoja cha mboga iliyooza, je, yambidi kumaliza sufuria ndipo ajue kuwa imeoza?”

Swali lake lilikuwa zuri, nasi tulishindwa kumjibu jioni ile. Tulishindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba neno lake lina kweli ndani yake. Ya pili yatuhusu sisi wenyewe, nayo tutaikiri kabla ya kumaliza ukurasa huu.

KITABU CHENYEWE

Kwa wale wasiokijua, yafaa tuseme kwanza ni kitabu gani. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Alisoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipata kufundisha huko Botswana, naye aliaga dunia mwezi wa Januari 2020. *Rosa Mistika* ndiyo riwaya yake ya kwanza, nayo ilitoka mwaka 1971.

Ni habari za msichana wa Ukerewe, binti wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi, naye ni mkali kupita kiasi. Barua ya kijana mmoja yamfikia Rosa, baba aijua, ampiga vibaya sana. Tangu hapo msichana akua kwa kuwaogopa wavulana, bila kufundishwa jinsi ya kuishi nao. Aendapo shule ya sekondari huko Mwanza, mbali na fimbo ya baba, hofu ile yakatika kama kamba kuukuu, naye aanguka, tena aanguka sana. Mwandishi haufichi uso wake, yaliyotendeka ayaeleza. Mwisho wa Rosa ni mchungu, kwani ajiua kwa mkono wake mwenyewe.

Kitabu hiki kilizua ugomvi mkubwa huko Tanzania. Kwa muda kilikatazwa katika shule. Baadaye kikaruhusiwa, kikawa miongoni mwa vile vinavyosomwa na wanafunzi wa sekondari. Basi jirani yetu hakuwa wa kwanza kukifunga kwa hasira. Watu wenye elimu kubwa walimtangulia.

MAJI ULIYOYAVULIA NGUO

Sasa tulitazame swali lenyewe: je, mtu aliyeanza kitabu yampasa kukimaliza?

Hapa kwetu Ituri wengi wangejibu upesi kwamba yampasa, nasi twajua sababu yake. Kitabu cha hadithi ni kitu adimu. Katika madarasa ya juu vitabu vyetu ni vya Kifaransa. Kiswahili twakisema sokoni, kanisani na nyumbani, tena si kile cha vitabuni hasa. Riwaya ya Kiswahili hutufikia katika mfuko wa msafiri, atokaye Uganda kwa njia ya Mahagi au avukaye Ziwa Albert mpaka Kasenyi, nayo hupita mkono kwa mkono hata jalada lake likaisha. Tena wengi wetu twakumbuka vita vya 1999 hadi 2003, nyumba ziliposhindwa kubaki hata na milango. Sisi tulikuwa mtoto wakati ule. Twakumbuka baba yetu aliporudi nyumbani, aliuliza habari za mabati, kisha akauliza habari za vitabu, na vyote viwili havikuwako. Mtu aliyelelewa hivyo haachi kitabu nusu, kama asivyomwaga ugali.

Seminarini nako tulifundishwa vivyo hivyo. Wakati wa chakula mmoja wetu husoma kwa sauti na wengine hula kimya, wala hakuna aulizwaye kama kitabu champendeza. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Lakini yuko mwalimu mmoja wa Ufaransa, jina lake Daniel Pennac, ambaye mwaka 1992 alitoa kitabu kiitwacho *Comme un roman*. Humo aliandika haki kumi za msomaji, na ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Mwalimu huyu hakutaka kuwafanya watoto wawe wavivu. Alikuwa ameona darasani watoto waliochukia kusoma kwa kuwa walilazimishwa kumeza kila ukurasa, akaona kwamba mtoto mwenye ruhusa ya kufunga kitabu ndiye atakayethubutu kufungua kingine.

Sisi twaona kwamba mwalimu huyu asema kweli, ingawa ilitugharimu miaka kuikubali. Uhai wa mtu ni mfupi, na jioni ya mtu aliyefanya kazi ni fupi zaidi. Mtu aliyekipa kitabu jioni mbili au tatu za haki, asione ndani yake kitu cha kumshika, na akifunge kwa amani. Hakumdhulumu mtu.

KIPENDACHO MOYO

Tena ladha za watu hazifanani. Wahenga walisema kwamba kipendacho moyo ni dawa, nasi twaiona kweli yake kila jioni nyumbani kwetu.

Sisi mwalimu twampenda Shaaban Robert. *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, twaweza kukirudia kila mwaka, tumsikilize Karama akijitetea mbele ya baraza la nchi ile iliyo angani, akieleza habari za wale wajumbe sita waliotumwa mbali, wakarudi na mambo mema, wakalipwa kifungo. Kijana wetu mkubwa alikiacha kwa mjumbe wa pili. Alisema: “Baba, watu hawa wanahutubu tu. Hakuna anayekimbia.” Yeye ampenda Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilishinda katika shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, kikachapwa mwaka 1960, na hata leo kijana akikishika hasikii akiitwa kula. Nasi twakiri kwamba tulikianza mara mbili, na mara zote mbili tulifunua kurasa za mwisho kumtafuta mkosaji, tukalala.

Mama wa watoto hawataki wote wawili. Yeye asoma Zamenga Batukezanga, yule mwandishi wa Kongo aliyefariki mwaka 2000, kwa kuwa Kifaransa chake ni chepesi na watu wake awajua: ndugu wanaoomba, kijana aliyesahau kijiji, uchawi unaosingiziwa wazee. Wako wasomi wanaomdharau kwa wepesi wake. Mama asema wasomi hao hawakupata kusoma kitabu huku maharage yakiwa jikoni.

Je, katika sisi watatu, ni nani mwenye ladha mbaya? Twaona hakuna. Mmoja atafuta hekima iliyopangwa vizuri, mmoja atafuta fumbo, mmoja atafuta kuwaona jirani zake katika karatasi. Tungalimshurutisha kijana kumaliza *Kusadikika*, angalikimaliza, na tangu siku hiyo asingalimgusa Shaaban Robert tena. Tulimwacha. Baada ya miezi michache tulimkuta na *Adili na Nduguze* mkononi, amevutwa na wale nyani wawili wapigwao kila usiku. Alifika kwa njia yake mwenyewe.

Kezilahabi naye apasa kutuonya tusijivune. Aliandika *Nagona*, kilichotoka mwaka 1990, na *Mzingile*, mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, lakini ni vigumu kama jiwe. *Nagona* tulikianza mara tatu kabla ya kukimaliza, na walimu wenzetu hodari walikirudisha kwa mwenyewe katika ukurasa wa kumi. Hatukuwaona wajinga, wala hatukukiona kitabu kibaya.

KUACHA NA KUHUKUMU

Basi jirani yetu alikosa wapi? Hakukosa kwa kukifunga kitabu. Alikosa pale alipokifunga, kisha akaketi kitini pa hakimu. Kuacha kitabu ni jambo moja, kukihukumu ni jingine. Aliyeacha asema: “Hiki hakikunifaa.” Hilo ni neno juu yake mwenyewe, na hakuna awezaye kumbishia. Aliyehukumu asema: “Hiki ni kibaya, mtu asikisome.” Hilo ni neno juu ya kitabu, na juu ya wasomaji wote watakaokuja, nalo lataka ushahidi mzima. Nyumba usiyolala ndani yake, huijui ila yake. Wala wema wake huujui.

Na mfano wa mboga? Ni mfano mwema kwa vitabu vingine. Viko vilivyoandikwa kwa ajili ya uchafu wenyewe, na kijiko kimoja chatosha. Lakini hadithi ya kweli haifanani na mboga, kwa maana mboga ladha yake ni moja toka juu mpaka chini. Hadithi ina njia. Aibu iliyo katikati yaweza kuwa ndiyo dawa ya mwisho, na mwenye kusimama katikati ameiona aibu, dawa hajaiona.

Wakubwa pia wamepata kurudi nyuma katika hukumu zao. *Les Misérables* cha Victor Hugo, kitabu ambacho walimu wetu wa Kifaransa hutusomesha kurasa zake kwa furaha, kiliwekwa katika orodha ya Roma ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1864, kikaondolewa mwaka 1959. Orodha yenyewe iliachwa mwaka 1966. Na hapa kwetu Kongo, V. Y. Mudimbe alitoa mwaka 1973 *Entre les eaux*, riwaya ya padri aachaye parokia yake na kujiunga na waasi msituni. Mtu akiishia kurasa za kwanza aweza kusema kwamba ni kitabu cha kuwapoteza watu. Lakini mwaka 1975 kilipewa huko Ufaransa tuzo ya Kikatoliki ya fasihi. Waliokipa tuzo walikwenda na padri yule mpaka mwisho wa njia yake.

Wengine watauliza: “Basi nitajuaje kitabu kilichonifaa?” Twakumbuka habari ya Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 mguu wake ulivunjwa na mzinga vitani Pamplona, akalazwa nyumbani kwao. Kwa kuwa alipenda hadithi za mashujaa wapanda farasi, aliomba aletewe. Katika nyumba ile hazikuwako, wakampa maisha ya Kristu na habari za watakatifu. Kitandani aliwaza mara haya, mara yale. Akaona kwamba mawazo ya mashujaa yalimfurahisha yalipokuwapo, na yalipokwisha yalimwacha mkavu; yale mengine yalimwachia furaha hata baadaye. Hatusemi kwamba kila mtu aache hadithi. Twasema kwamba alipima kwa ladha ibakiyo, na ladha ibakiyo haijulikani kabla ya kumeza.

SABABU YA PILI

Sasa tuikiri ile sababu ya pili iliyotufunga kinywa mbele ya seremala.

Miaka minane iliyopita, katika mwaka wetu wa kwanza wa ualimu, rafiki mmoja alituazima *Rosa Mistika*. Tulikisoma mpaka pale Rosa anapoanza kuharibika shuleni, tukakifunga. Ni karibu na mahali pale pale alipokifunga jirani yetu. Muda mfupi baadaye mwanafunzi mmoja wa kike aliinua mkono darasani akauliza kama twakijua kitabu hicho. Tukajibu kwa sauti kubwa: “Ni kitabu kichafu. Msipoteze wakati wenu.” Darasa zima likasikia. Yule msichana aliketi, hakuuliza tena neno mwaka ule wote. Wala hakuna aliyetuuliza kama tulifika mwisho, kwani walijua kwamba mwalimu wao ni msomaji.

Hayo tulimweleza jirani yetu. Akatutazama kwa muda mrefu, akasema: “Kumbe mwalimu naye?”

Tukapatana hivi: kitabu kisichomwe, binti asiguswe, na sisi wawili tukisome pamoja tangu mwanzo. Ikawa hivyo. Jioni, atokapo kazini, na vumbi la mbao likiwa bado nyweleni, alikuja tukakaa chini ya taa ya jua. Yeye alisoma ukurasa, polepole, kwa kidole. Sisi tukasoma kurasa mbili. Palipokuwa na maneno mazito tuliyasoma vilevile, ila kwa sauti ya chini kwa ajili ya watoto. Jioni nyingine hakuja. Tulidhani amechoka na kitabu, kumbe alikuwa na kitanda cha mteja cha kumaliza.

Tulipofika mwisho alinyamaza. Kisha alisema: “Kitabu hiki sikipendi, hata sasa.” Tukamwambia hilo ni haki yake. Akaendelea: “Nilikuambia nimekifunga kwa sababu ya yule msichana. Si kweli. Yule baba ndiye aliyenishinda. Mimi pia kulikuwa na barua, mwaka juzi. Sikuisoma hata. Nilimpiga kwanza.” Akakichukua kitabu, akakiviringisha tena katika gazeti, akaenda nacho nyumbani. Kesho yake tuliambiwa kwamba alimpa binti mwenyewe, akirudishe kwa mwenyewe. Kama walizungumza juu ya barua, hatukuuliza.

SHAURI LETU

Kwa wazazi na walimu twatoa shauri hili dogo.

Mtoto mdogo achaguliwe kitabu na mkubwa, kama achaguliwavyo chakula. Lisomwalo na binti wa miaka kumi na saba silo la mtoto wa miaka kumi, na mzazi asiyechunga hapo amelala kazini. Lakini mzazi atakaye kukataza kitabu, akisome chote kwanza. Ni adhabu ndogo kwake, na ni haki kubwa kwa mtoto. Akikimaliza na bado aona kwamba hakifai, akikataze, tena aeleze sababu. Mtoto atamsikiliza mtu aliyefika mwisho.

Wewe uachaye kitabu kwa ajili yako mwenyewe, jiulize kwa nini. Kama ni lugha ngumu, kiweke, mwaka ujao utakirudia. Kama ni uchovu, kilaze. Kama si cha ladha yako, mpe mwingine, yaelekea ndiye anayekitafuta. Lakini kama moyo wako umekasirika na hujui sababu, usikifunge bado. Huenda ndicho kilichoandikwa kwa ajili yako.

Na ukiulizwa habari za kitabu ulichokiacha, sema neno moja la kweli: “Sikukimaliza.” Ni neno fupi, nalo halimwaibishi mtu.

Sisi wenyewe tumesimama tena mbele ya darasa letu la sasa, tumewaambia yaliyotupata. Walicheka kidogo, wakasikiliza. Lakini lile darasa la miaka minane iliyopita limetawanyika. Wengine wako Kisangani, wengine Kampala, wengine wana watoto wao wenyewe, na yule msichana aliyeinua mkono hatujui yuko wapi. Kama mmoja wao asoma ukurasa huu, basi na ajue: siku ile mwalimu wake hakuwa amefika mwisho.